Kitabu Tulichokishona Vipande Vinne

Alhamisi. Mvua ilianza kabla ya saa sita na mpaka sasa haijaacha, imepungua tu. Nimevua viatu nikaviacha mlangoni vichuruzike, nimekaa kitandani na shuka begani kwa sababu baridi ya Eldoret haina adabu. Nimechoka, lakini si uchovu ule wa siku zote. Leo ni kama nilikuwa na gunia mgongoni tangu mwezi wa sita, nikaambiwa, haya, weka hapo.

Naandika upesi kabla hali hii haijanitoka.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: mimi ni kibarua wa stoo ya mahindi. Nyumbani ni Malava, huku Eldoret napanga chumba mtaa wa Huruma. Kazi yetu ni kuanika mahindi kwa turubai, kuyageuza, kuyaanua mvua ikitishia, na kuyabeba yakishakauka. Shule niliiachia kidato cha pili. Mke wangu, Mama Sharon, yuko nyumbani na watoto, na ng'ombe mmoja mwenye ndama.

Jumapili Mama Sharon aliniambia nisimpigie simu tena mpaka niwe na kitu cha kumwambia.

Hakugomba. Angegomba ningejua la kufanya. Alisema polepole, kama mtu anayefunga mlango bila kutaka kuamsha mtoto, kisha akakata.

Alikuwa na haki, na nitasema kwa nini. Kwa muda mrefu mimi sikuwa nampigia ili tuongee. Nilikuwa nampigia ili nisikilize. Namsalimia, nauliza hali ya watoto, halafu nanyamaza, nabana simu sikioni, natega sikio kwa kilicho nyuma yake. Mlango. Kiti kinachovutwa. Mtu anayepita nje. Kuna jioni nilisikia kikohozi kizito, nikamwuliza ni nani huyo. Akaniambia ni ndama, ameshikwa na kifua. Nikamwambia asinifanye mjinga.

Tangu siku hiyo kila nikipiga lazima niulize: nani huyo? Hata paka akiangusha kifuniko, nani huyo?

Na sijawahi kusikia jambo lolote baya. Hapo ndipo uoga wangu ulipokuwa. Mtu mwenye sababu anaweza kuambiwa sababu yake si kweli, akaacha. Mimi sababu sikuwa nayo na bado nilikuwa siwezi kuacha.

Basi kutoka Jumapili sikupiga. Nilijua nikipiga, sikio litaanza kazi yake hata nikilikataza, na Mama Sharon atasikia nikinyamaza, na safari hii hatakata simu tu. Atarudi kwao. Hiyo aliniambia zamani, na yeye si mtu wa kusema jambo ili kuona utafanya nini.

Sasa kitabu.

Kibet, karani wetu anayepima unyevu wa mahindi, alikinunua mjini kwa wale wanaotandaza vitabu vya zamani kando ya barabara. Jalada lilikuwa na picha ya dirisha na pazia linalopepea, akadhani ni hadithi ya mapenzi. Gundi ilikuwa imekufa. Alipokifungua mara ya pili kurasa zikaanza kudondoka moja moja.

Mama Jeruto akasema kilete. Huyu ni mama wa huku huku Uasin Gishu, mtu wa kanisa, ndiye anayeshona midomo ya magunia pale stoo. Akazipanga zile kurasa mafungu manne, kwa sababu sindano ya gunia haikuweza kupita zote kwa pamoja, akatoboa, akakaza kwa uzi wa gunia. Kazi safi. Ukivuta ukurasa hautoki.

Nia yake ilikuwa kukiokoa kitabu. Lakini sisi tulipoona vipande ni vinne na sisi ni wanne, hakuna aliyefikiria mara mbili. Kila mtu akachukua kimoja. Ukimaliza chako, unabadilishana na yeyote aliye tayari. Gazeti la tajiri wetu, mwenye stoo, tunaligawana hivyo hivyo, huyu ana michezo, yule ana matangazo ya vifo, na haijawahi kutuletea shida.

Riwaya si gazeti. Hilo tumelijua tukiwa tumeshachelewa.

Hadithi yenyewe ni ya mwanamume aliyefika mji ambao ukungu wake hauondoki. Anapanga chumba. Ng'ambo ya ukuta anasikia mwanamke akiosha vyombo na kuimba chini chini. Hicho ni kipande cha kwanza, na ndicho kilichoniangukia mimi. Nilikipenda. Nilikisoma tukingoja jua, nikageuza mahindi, nikarudi kusoma, na moyo wangu ukawa mwepesi. Nikasema, huyu kijana atamposa.

Kipande cha pili kilimwangukia Barasa, mpakizi mwenzangu kutoka upande wa Bungoma. Huko mwanamume ameacha kazi. Usiku halali, chakula hali, amebandika sikio ukutani mchana kutwa, na kwa sauti ya sufuria peke yake anajua mwanamke anapika nini. Kipande cha tatu kilikwenda kwa Kibet. Mwanamume anatoka kutafuta mlango wa yule mwanamke, anazunguka nyumba, na kila njia inamrudisha kwa mlango wake mwenyewe. Kipande cha mwisho alianza nacho Mama Jeruto. Ukuta umeshavunjwa. Mwanamume yuko chumba cha pili, hakuna mtu, kuna kikombe kimoja chenye maji. Anakaa, anakiosha, anaanza kuimba chini chini. Halafu kutoka chumba alichokiacha anasikia mtu akipumua karibu na ukuta.

Kinaishia hapo. Hakuna anayeeleza.

Mimi nilipofika kipande cha pili, wepesi ule uliniisha. Nilikisoma nikiwa nimekaa juu ya magunia na nilitaka kukifunga lakini mkono ulikuwa unafungua tu. Kila alichofanya yule mtu nilikijua kabla hajakifanya. Nilijua atazima taa ili asikie vizuri. Mimi huwa nazima jiko la stima nikimpigia Mama Sharon, kwa sababu lina mlio.

Nilirudisha kipande kile kwa Barasa. Akaniuliza kama nimekipenda. Nikasema kina maneno magumu.

Leo mvua ilipotufungia stoo, mahindi yakiwa yameanuliwa na turubai limefunikwa juu yake, sote wanne tulikuwa tumeshazungusha vipande vyote. Mama Jeruto akamimina chai. Barasa ndiye aliyeanza.

"Huyo mtu hana jembe," akasema. "Mpe jembe wiki moja. Jioni hatasikia ukuta, atasikia mgongo."

"Alikuwa na kazi," Kibet akamjibu. "Aliacha."

"Ndio nasema. Anaacha kazi juu ya mlio wa vyombo. Kwani kwao walikuwa wanakula kwa majani?"

Mama Jeruto hakucheka. "Wewe Barasa unamsema vibaya mtu aliyefiwa."

"Amefiwa na nani, Mama? Hakuna aliyekufa humo. Nimesoma yote."

"Mtu mzima amekaa peke yake, anaosha kikombe kimoja, anaimba wimbo ambao si wake. Hiyo ni nini kama si kufiwa? Ule ukuta ni yeye alijijengea kichwani akikumbuka mke wake. Mimi nililia."

"Ulilia kwa sababu ulianzia mwisho."

"Sasa wewe ulianzia katikati ukawa hakimu."

Kibet akaweka kikombe chini. Yeye alifika chuo kidogo kabla karo haijamshinda, na huwa anaongea akitazama juu. Akasema tunakosea sote, kwamba ile ni ndoto tangu mwanzo, mwanamume hajaamka, ndio maana barabara zinajipinda. Akasema ana jamaa yake kule Kesses anayesomea mambo ya vitabu, na huyo alimwambia kitabu cha namna hii huulizi kimetokea nini.

"Sasa niulize nini?" Barasa akasema. "Niulize ni kilo ngapi?"

Tukacheka mpaka Kibet mwenyewe akacheka, lakini hakubadilisha msimamo. Hakuna aliyebadilisha. Hicho ndicho kilichonishangaza. Sote tulikuwa tumeshasoma kurasa zile zile, lakini kila mmoja alibaki na yule mtu aliyekutana naye kwanza. Mama Jeruto alisema vizuri: ukikutana na mtu kwa mara ya kwanza msibani, ukaja kuambiwa baadaye kwamba ni mwizi, huwezi kuamini upesi, kwa sababu umeshamwona akilia. Barasa yeye alikutana naye akiwa ameacha kazi, basi kwake ni mvivu mpaka kaburini.

Halafu wakanigeukia mimi. Barasa huniita mulamwa, yaani shemeji, ingawa hakuna aliyeoa dada ya mwenzake. "Mulamwa umekaa kimya. Wewe ulianza mwanzo kama mtu wa heshima. Ulimwonaje?"

Nilitaka kusema maneno magumu tena. Badala yake nikasema, "Mimi namjua. Ni mimi huyo."

Nikawaambia. Si yote, lakini ya kutosha. Simu, kimya, kikohozi, Jumapili. Nilikuwa natazama chai yangu. Nilidhani wataona aibu kwa niaba yangu, au Barasa atapata cha kunitania mpaka msimu uishe.

Barasa akasema, "Hiyo si habari, mulamwa."

Nikamtazama.

"Kila mtu hapa akiongea na simu anapiga kelele mpaka watu wa Turbo wanasikia. Wewe unaishika kama daktari anayesikiliza mtu kifua. Tumekuona."

"Sisi tulijua una mgonjwa," Mama Jeruto akasema. "Baba Sharon, mimi nilidhani ni mama yako mzazi anaumwa. Nimekuwa nikimwombea kila Jumatano na akina mama wenzangu. Tumemwombea sana."

Mama yangu ana nguvu kuliko mimi. Wiki iliyopita alitembea mpaka soko na kurudi akiwa na jogoo kwapani. Nilipowaambia hivyo, Kibet alikohoa chai ikampitia puani, na mimi nikacheka, na sijui ni lini nilicheka hivyo mara ya mwisho. Kumbe jambo nililokuwa nalificha kama donda, watu walikuwa wanaliona na wanaliombea, ingawa kwa jina la mtu mwingine.

Mama Jeruto akafuta macho. "Na mke wako anasema nini?"

"Alisema nisipige mpaka niwe na kitu cha kumwambia."

"Si sasa unacho? Mwambie hii hadithi."

"Mwambie kama ninavyoielewa mimi," Barasa akasema. "Ukimwambia kama Kibet atalala na simu mkononi."

Nilikataa. Kisha nikaona kwamba nikikataa hapo, mchana, watu wakiwa karibu, nitaenda kukataa peke yangu chumbani, na huko huwa nashindwa. Nikaingia kati ya safu mbili za magunia nikapiga.

Alishika. Nikasema haloo. Na hapo mvua ikazidi.

Anayejua stoo ya mabati anajua mvua ya Eldoret ikipiga juu yake ni kama lori linamwaga kokoto. Sikuwa nasikia kitu. Sauti ya Mama Sharon ilikuwa mbali kama ya mdudu chupani, sembuse mlango wake au kiti chake. Kitu pekee nilichoweza kufanya ni kuongea. Na ili anisikie ilibidi nipige kelele.

Basi nikamsimulia kitabu chote kwa kelele. Ukungu, ukuta, vyombo, barabara zinazojipinda, kikombe. Nikamwambia Barasa anaona mtu ni mvivu, Mama Jeruto anaona amefiwa, Kibet anaona hajaamka. Nikamwambia mimi ninavyoona, kwamba nilianza nikimpenda yule mtu na nikafika mahali nikamwogopa kwa sababu anafanya ninayofanya. Nikamwomba msamaha kwa kelele hiyo hiyo. Nyuma ya magunia hakuna aliyekuwa anakunywa chai tena, hilo nilijua.

Mvua ikapungua ghafla, kama inavyofanya. Nikabaki na sauti yangu kubwa ndani ya stoo iliyonyamaza.

"Umemaliza?" Mama Sharon akauliza.

"Nimemaliza."

"Huyo mwanamke wa ukutani. Alijua anasikilizwa?"

Nikasema kitabu hakisemi.

"Alijua," akasema. "Baba Sharon, mtu anajua. Mimi nikiona jina lako kwa simu nilikuwa nawaambia watoto wasivute viti. Natembea kwa vidole. Nyumba yangu mwenyewe natembea kama mwizi, ndio usisikie kitu uulize ni nani."

Na mimi huku, nyumba ilipozidi kuwa kimya, ndivyo nilivyozidi kujiuliza kwa nini kuna kimya, na nani ameambiwa anyamaze. Ni mimi niliyekuwa nimewanyamazisha. Watoto wangu walikuwa wamesimama pembeni ya meza bila kupumua ili baba yao aridhike, na baba yao alikuwa anawahesabia hiyo kuwa kosa.

Nikamwambia hivyo. Nikamwambia hivyo hivyo kama ninavyoandika.

Akavuta pumzi. "Ndama yuko hapa nje, kile kifua bado. Nimpelekee simu umsikie?"

Nilimsikia akinyanyuka. Alikuwa tayari kwenda, kwenye matope, kunipa kile nilichomdai muda wote huo. Na sitadanganya, sikio langu lilitaka. Lilitaka sana.

"Hapana," nikasema. "Mwache. Kaa tu."

Akakaa. Nafikiri alikaa. Kisha akasema, "Haya." Ile haya yake ya kawaida, anayosema nikimwambia nimefika salama.

Tukaongea. Akauliza yule mwanamke alikuwa anaimba wimbo gani. Nikasema mwandishi hakuandika maneno yake. Akasema huyo mwandishi ni mvivu kuliko mwanamume wake. Akasema kitabu hicho kimepungua kipande, kipande cha mwanamke, na nikienda Desemba nisimpelekee kama hakijatimia. Nikamwambia hakuna kipande cha tano. Akasema basi ndio shida ya hicho kitabu, na labda ndio shida yenu nyinyi wote mliokisoma, watu wanne na hakuna aliyeuliza mwenye vyombo anaonaje.

Nilipotoka kati ya magunia nikawapa maneno yake. Mama Jeruto akaangalia ule mshono wake, kisha akasema yeye ni mwanamke na hata yeye hakuuliza. Barasa akasema Mama Sharon apewe ukarani. Kibet alinuna. Alisema mwanamke ameachwa nje makusudi, kwamba ndio ufundi wenyewe, kwamba angeongea ndoto ingekatika. Inawezekana yuko sawa. Sijasoma vya kutosha kumpinga, na sioni haja ya kumpinga. Kitabu kinamtosha yeye kama ndoto, kinamtosha Mama Jeruto kama msiba. Mimi kilinifaa kwa njia yangu, na sidhani kama ndiyo aliyokuwa nayo aliyekiandika.

Nimefika nyumbani nimelowa, nimekula ugali na sukuma ya jana, na hakuna kitu kinachonivuta kwenye simu. Naitazama ni simu tu.

Sisemi nimepona. Sikio langu nalijua. Kuna siku nitachoka, nitakuwa peke yangu na mawazo, na litataka kwenda kubandika ukutani. Siku hiyo nitamwambia Barasa kabla sijapiga, na yeye atanitukana vizuri. Ameshakubali kazi hiyo bila malipo.

Jirani yangu hapa ng'ambo ya bati anakaanga kitunguu na anamgombeza mtu. Ni mambo yao.

Nikijiuliza leo nyuma ya Mama Sharon kulikuwa na sauti gani mvua ilipopungua, sina jibu. Lazima zilikuwepo, watoto wako nyumbani. Sikuzishika.

Kesho jua likitoka tutaanika. Wakati wa chai nitampigia kama nina la kusema. Nisipokuwa nalo, nitamwacha apike.